UZI: Njia ya miguu na baiskeli kando ya Mto Nairobi, na watu waliokuwa hapo kabla yake

Haya wakuu, uzi wa leo ni mrefu. Chukua chai kwanza.

Swali hili limekuja inboksi mara nyingi mpaka nikaamua nilijibu mara moja: "Hii njia ya kutembea na kuendesha baiskeli kando ya Mto Nairobi ni maendeleo kweli, ama ni mbinu ya kistaarabu ya kufukuza maskini?" Masharti ni yale yale ya kila uzi hapa. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukija kwenye majibu na rangi za chama chako tutakusalimia tu, kisha tuendelee.

Kwa ambaye hajafuatilia: Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa kufufua Mto Nairobi, kipande cha takriban kilomita 27 kutoka Naivasha Road hadi Ruai, kwa bajeti iliyotangazwa ya shilingi bilioni 50. Ndani yake kuna mabomba makubwa ya majitaka, nyumba, madaraja ya miguu, kazi za vijana, na hicho kitu ambacho kimewagawa watu mitandaoni kuliko vyote, njia ya kutembea na ya baiskeli kufuata mto katikati ya jiji.

Kambi ni mbili, mnazijua. Kambi ya kwanza inasema mto ni wa umma, waliojenga kwenye kingo ni wavamizi, waondoke tupate mji wa kupumua. Kambi ya pili inasema hizo nyasi ni za watu wa Kilimani kupigia picha, na gharama italipwa na mtu wa Kiambiu. Kila kambi ina ukweli wake. Lakini zote mbili huanzisha hadithi mwaka 2024, mwaka wa mafuriko, na hapo ndipo ninapokosana nazo. Ukianza 2024, swali linakuwa "nani amevamia mto?" Ukianza 1899, unajikuta unauliza nani aliwaweka watu hawa hapo.

Basi tuanze 1899.

Mto ulitangulia mji. Jina lenyewe ni la Kimaasai na linahusu maji baridi. Reli ilipofika hapo Mei 1899 ikitoka Mombasa, wahandisi walitaka mahali tambarare pa kupanga mabehewa na karakana, na maji ya kutosha, kabla ya kuanza ule mpando wa kuelekea Bonde la Ufa. Walipapata. Hakuna aliyekaa akajiuliza kama pale panafaa kuwa mji mkuu wa mtu yeyote. Sehemu kubwa ilikuwa kinamasi, mvua ikinyesha maji yanakaa. (Mkiona barabara za katikati ya jiji zimejaa maji kila Aprili, mjue hilo si jambo jipya, kinamasi kinakumbuka kwao.)

Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi. Suluhisho la wakuu wa mji lilikuwa kulichoma soko. Mwaka 1913 daktari mmoja kutoka Uingereza, Profesa Simpson, alileta ripoti kuhusu afya ya miji ya Afrika Mashariki, na pendekezo lake kubwa lilikuwa kutenganisha makazi kwa rangi. Sababu aliyotoa ilikuwa afya. Shikeni hilo neno, tutalirudia.

Sasa fungua ramani kwenye simu yako. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita Kawangware, unashuka Chiromo na Museum Hill, unapita Globe, Gikomba, Shauri Moyo, Kiambiu, Dandora, halafu Ruai. Baadaye unaungana na Athi, unakuwa Galana, unakuwa Sabaki, unaingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Ndani ya jiji unatiririka kutoka magharibi kwenda mashariki.

Na ubaguzi wa makazi ulipangwa hivyo hivyo. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi na kaskazini, Wahindi wakawekwa katikati na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki, chini. Hata bila nia yoyote mbaya juu ya maji (na nia mbaya ilikuwepo ya kutosha kwenye mambo mengine), matokeo yake ni kwamba uchafu wa mji mzima ulielekezwa kwa watu wale wale. Hakuna haja ya nadharia kubwa hapa, ni mteremko tu.

Waafrika wa mwanzo wa Nairobi waliishi katika vijiji walivyojijengea wenyewe, vingi vikiwa karibu na mto au mabonde ya vijito vyake. Angalia majina: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani, Kileleshwa. Mengi ni majina ya Kiswahili, kwa sababu walioishi humo walikuwa wapagazi wa zamani, wachuuzi, askari waliomaliza kazi, na wanawake waliojenga nyumba za udongo na kupangisha vyumba. Hao wanawake ni sehemu ya historia ambayo siasa zetu husahau. Walikuwa miongoni mwa wamiliki wa kwanza wa nyumba katika jiji hili.

Vijiji hivyo viliondolewa kimoja baada ya kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mji ulifungua Pumwani kama eneo rasmi la Waafrika, na watu wakahamishiwa huko. Pangani ilivumilia zaidi, ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakaelekezwa Shauri Moyo, mtaa wa nyumba za manispaa. Fikiria tofauti. Jana una nyumba yako ya udongo na wapangaji watatu, leo mwenye nyumba ni baraza la mji.

Sababu zilizotajwa zilikuwa usafi na magonjwa, yaani afya tena.

Sisemi magonjwa hayakuwepo. Yalikuwepo. Ninachosema ni kwamba kila kizazi cha watawala wa jiji hili kimepata sababu ya kweli kabisa ya kuwaondoa watu kwenye zile kingo. Tauni ilikuwa kweli. Mafuriko ni kweli. Uchafuzi wa mazingira ni kweli, nenda Gikomba ukanuse. Kwa hivyo ukibishana kuhusu sababu utashindwa, kwa sababu sababu ni nzuri. Uliza badala yake: baada ya kuwaondoa, waliwapeleka wapi, na kwa haki gani ya kukaa huko?

Mpango Mkuu wa 1948, uliotungwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ulizungumza sana juu ya maeneo ya wazi na mitaa iliyopangika vizuri. Ramani za kupendeza hatukuanza kuchorewa jana. Kisha uhuru ukaja, vizuizi vya Waafrika kuingia mjini vikaondoka, watu wakaja kutoka kila pembe, pamoja na wa kwetu Nyanza, na nyumba hazikutosha. Ardhi nzuri ilikuwa na hati na bei. Iliyobaki bila bei ilikuwa mabonde, machimbo ya zamani ya mawe, na kingo za mito. Mathare ikajaa. Korogocho ikaja. Mukuru ikafuata Mto Ngong pale nyuma ya viwanda.

Mimi naona hapa ndipo neno "wavamizi" linapoteleza. Mvamizi ni mtu anayechukua kitu ambacho mwingine anakitaka. Hizi kingo hakuna aliyezitaka. Zilitakiwa baadaye.

Na waliozitaka baadaye hawakuwa wote maskini. Ripoti ya tume iliyochunguza ugavi haramu wa ardhi ya umma, iliyotoka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ya kila aina ilivyogawiwa watu wenye kujuana. Ndiyo maana mwaka 2018, tingatinga zilipoanza kazi ya kusafisha kingo, zilikuta majumba yenye hati, ramani zilizopitishwa na vibali vyote. Agosti ule South End Mall kwenye Lang'ata Road ilibomolewa, na Ukay Centre kule Westlands ikaguswa pia. Watu walishangilia sana. Nami nilikuwa shule ya upili na nilishangilia, sitadanganya. Kisha ubomoaji ukapoa. Miaka sita baadaye ulipoamka, uliamkia Mathare na Mukuru.

Sasa tuje kwenye mita, kwa sababu huku ndiko mijadala ya runinga hupotelea.

Mtu anasema "ondoka mita 30 kutoka mtoni." Mwingine anasema sheria ni mita sita. Wa tatu anasema kumi. Wote wana karatasi. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitumia upana wa mto wenyewe, kwa kiwango kisichopungua mita 6 na kisichozidi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka pale mafuriko ya juu kabisa yaliporekodiwa. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 nazo zilicheza kati ya 6 na 30. Idara za mipango ya miji zina vipimo vyao. Kwa hivyo mita 30 ni dari ya sheria, lakini kwenye matangazo ya serikali hugeuka kuwa sakafu.

Halafu kuna swali dogo ambalo mtu wa ufuo hawezi kuliacha: unapima kutoka wapi?

Mimi ni wa Sindo, kule Suba Kusini. Kwetu mstari wa maji hautulii. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko chochote kilichokuwa kimerekodiwa hadi wakati huo, na fuo nyingi za Homa Bay zikamezwa. Pale mtu alipokuwa akianika omena mwaka mmoja, mwaka uliofuata pakawa pa kuegesha boti. Yule aliyejenga mita 40 kutoka majini alijikuta yuko mita tano, na hajasogea hata hatua. Nani mvamizi hapo, yeye au ziwa? Mto wa mjini nao uko hivyo. Ukiuziba kwa taka upande huu, ukaujengea ukuta upande ule, ukaweka lami kila mahali maji ya mvua yasizame, mto unapanda kumfuata mtu. Mita zake zinamtoroka.

Na kwetu tuna historia nyingine ya kuondoka majini. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliua watu kwa wingi kuzunguka ziwa hili, na serikali ya kikoloni upande wa Uganda ikahamisha watu kutoka mwambao kwa lazima. Upande wetu Bonde la Lambwe lilibaki na mbung'o na watu wachache kwa miongo mingi, likafanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na mbuga ya taifa mwaka 1983. Leo ni Ruma, tunaisifu, na swala korongo wake ni wazuri kweli. Siandiki haya kuipinga Ruma. Naandika kwa sababu ukikulia mahali ambapo hifadhi nzuri ilikuja baada ya watu kuondoka, masikio yako husimama unaposikia mtu anapanga kitu kizuri penye watu.

Turudi Nairobi, Mei 2024. Mvua ya mwaka ule mnaikumbuka, zaidi ya watu 200 walikufa nchi nzima. Serikali ikatoa ilani ya saa 24 kwa walio karibu na mito na mabwawa. Mashine zikaingia Mathare na Mukuru wakati watu wengine bado wanaanika magodoro.

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na chumba Kiambiu, upande wa mtoni. Maji yaliingia usiku hadi juu ya kitanda. Siku chache baadaye likaja tangazo la mita 30, na hakungoja tingatinga. Alifunga virago akapanga chumba kingine juu zaidi, kodi ikaongezeka. Yeye hakulaumu mtu. Alisema, "Pale ni pa maji, hata mimi najua." Nilitaka akasirike na hakukasirika, ikabidi nikasirike mimi kwa niaba yake.

Kisheria, wakuu, hapa ndipo penye nyama. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inafanya mito kuwa ardhi ya umma. Kambi ya kwanza inapenda kifungu hiki, na wako sawa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi. Kambi ya pili inapenda hicho, na wako sawa. Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu. Na Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson waliobomolewa mwaka 2011. Mahakama ilisema mtu asiye na ardhi anayeishi kwenye ardhi ya umma hapati hati kwa kukaa tu, lakini anapata haki ya makazi inayolindwa, na serikali haiwezi kumfagia kama majani.

Kwa hivyo mtu akikuambia "hawana hati, hawana haki," mwambie hiyo hoja ilikufa 2021. Na mtu akikuambia "hakuna anayeweza kuhamishwa mtoni kamwe," mwambie hata Mitu-Bell haikusema hivyo. Dharura ya mafuriko ni dharura, mtu aokolewe usiku huo huo. Lakini dharura ya wiki mbili haigeuki kuwa ruhusa ya kujenga bustani ya kudumu bila kumrudia uliyemwondoa.

Je, njia ya miguu yenyewe inafanya kazi? Tunayo sampuli. Kati ya Globe na Museum Hill kuna ile bustani iliyopewa jina la waziri wa zamani wa mazingira. Kabla ya 2008 hivi palikuwa na gereji, taka, na magari mabovu. Waliokuwepo wakaondolewa, miti ikapandwa, baadaye pakachakaa kidogo, na mwaka 2020 pakatengenezwa upya kwa njia za kutembea na viti. Nimekaa pale mara nyingi nikisubiri foleni ipungue. Mchana utakuta wanafunzi, vibarua wamelala kidogo, wachumba, mzee na gazeti. Watu wa kawaida kabisa. Kwa hivyo ile hoja kwamba bustani ya mtoni ni ya matajiri tu, pale haisimami. Miti imekua, kuna kivuli, na ni bure.

Ila ukisogea ukingoni ukaangalia chini, maji ni meusi. Bustani iko juu na mto uko chini, ni kama hawajatambulishwa.

Shida ni kwamba mto hausafishwi kando ya mto. Karibu nusu tu ya wakazi wa Nairobi wameunganishwa na mabomba ya majitaka. Wengine wote, choo chao kinaishia kwenye mtaro, na mtaro unaishia unapojua. Mtambo wa Kariobangi ni wa miaka ya sitini, mji wa wakati ule. Dampo la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado magari yanamwaga, mto ukipita pembeni yake. Programu za kuokoa mto huu zimekuwepo tangu 1999, wakati shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa na washirika wake walipoanzisha ya kwanza kubwa. Nyingine ikaja 2008. Mwishoni mwa 2022 ikaundwa tume ya mito ya Nairobi. Kila mara kinachoonekana haraka ni nyasi, kwa sababu nyasi hukua ndani ya miezi mitatu na bomba huchimbwa miaka mitatu, na hakuna anayekata utepe juu ya bomba. Mwanasiasa wa upande wowote ana hesabu hiyo kichwani. Si ubaya wa mtu mmoja, ni kalenda ya uchaguzi.

Kwa hivyo kipimo changu cha mpango wa sasa ni rahisi. Sitaangalia njia imefika wapi. Nitaangalia bomba limefika wapi na choo cha nani kimeunganishwa nalo.

Kuna mtu atasema, "Mbona Seoul waliweza?" Nawapenda watu wa Seoul, wanaletwa kila mjadala. Ni kweli, kati ya 2003 na 2005 walibomoa barabara ya juu wakafufua kijito cha Cheonggyecheon, kilomita 5.8, na leo watu wanatembea humo mchana na usiku. Lakini maji mengi ya pale yanasukumwa kwa pampu kutoka mto mkubwa. Na wachuuzi wa kando ya barabara waliondolewa wakapelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Dongdaemun, halafu miaka michache baadaye uwanja nao ukabomolewa, wakahamishwa tena. Ukiwauliza wapita njia, mradi ni fahari. Kwa wachuuzi ni Pangani na Shauri Moyo, tofauti ni lugha.

Mifano ya karibu naiamini zaidi. Kibera, tangu 2006, shirika la KDI na vikundi vya wakazi wamejenga maeneo ya umma kando ya vijito vya Mto Ngong: daraja, mahali pa kufulia, vyoo, uwanja wa watoto, na wakazi wenyewe wakiyasimamia. Korogocho, vijana wa Komb Green walisafisha ukingo uliokuwa dampo na mahali pa kuogopwa, wakafanya bustani. Mukuru, mwaka 2017 kaunti ilitangaza eneo maalum la mipango, na Muungano wa Wanavijiji na wenzao wakakaa na wakazi kupanga barabara zipite wapi, maji yapite wapi, na nani atasogea ili nani apite. Kusogea kulikuwepo. Tofauti ni kwamba waliosogea walikuwa kwenye mkutano.

Hapa nitasema wazo langu mwenyewe, mnipige mkitaka.

Kwetu Sindo ufuo una wenyewe kisheria, na si kwa hati. Tangu kanuni za 2007 kuna BMU, ule umoja wa kusimamia ufuo. Wenye boti, wavuvi, wachuuzi wa samaki, wakaanga, wote wanaandikishwa, wanachagua kamati, na jambo likija la kuhusu ufuo serikali ina mlango wa kubisha. Msinielewe vibaya, BMU zina matatizo yake. Kamati hukamatwa na wenye boti nyingi, akina mama wa omena mara nyingi hukaa nyuma, na pesa za ada huleta maneno. Lakini huwezi kusema hujui watu wa ufuo ni akina nani. Kuna daftari.

Mto Nairobi hauna daftari. Ukiuliza nani anatumia mto kati ya Gikomba na Kiambiu, serikali ina picha za setilaiti na vipimo vya mita, lakini haina majina. Mama anayeosha mitumba, mlima sukuma wa ukingoni, muuza vyuma, kijana wa daraja la mbao anayetoza watu shilingi chache kuvuka. Sheria ya Maji tayari inatambua vyama vya watumiaji wa maji tangu 2002, kwa hivyo si kwamba tunahitaji kubuni kitu kipya bungeni. Andikisha watu wa kingo kwanza, kwa sehemu, kilomita kwa kilomita, kabla ya mchoro kukamilika. Atakayesogea ajulikane, atakayelipwa ajulikane, atakayepewa kibanda kwenye soko jipya ajulikane. Bila hivyo, kwenye ugawaji wa nyumba na vibanda tutaona majina ya watu ambao hawajawahi kukanyaga matope ya pale. Mmeona hilo mara ngapi?

Kitu cha mwisho, kuhusu baiskeli, maana kambi zote mbili hulisahau.

Kwa nini tunaongea kana kwamba kutembea na baiskeli ni mchezo wa wikendi? Huku magharibi baiskeli ni gari. Boda boda yenyewe ilizaliwa mpakani Busia kama baiskeli, watu wakivushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Na Nairobi karibu safari nne kati ya kumi ni za miguu. Si kwa ajili ya afya, ni kwa ajili ya nauli. Kaunti ililijua hilo: sera yake ya 2015 kuhusu wanaotembea na waendesha baiskeli iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi. Nendeni Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi muone kama hiyo asilimia 20 ilifika.

Njia ya kufuata mto kutoka Dandora hadi Gikomba, ikiwa tambarare, bila matatu, ingekuwa barabara kuu ya wafanyakazi wa Eastlands. Ndiyo maana siwezi kujiunga na kambi ya "hatutaki njia." Wanaoihitaji zaidi ndio wale wale wanaoogopa kuondolewa nayo. Njia ya mfanyakazi inahitaji taa, na inaunganika na mtaa kila baada ya mita chache. Njia ya bustani ina lango, askari, na saa za kufunga. Kwenye mchoro zinafanana kabisa. Mkipewa nafasi kwenye kikao cha maoni ya umma, ulizeni kuhusu lango.

Nilimpigia ndugu yangu jana nikiandika huu uzi. Bado anafanya kazi Gikomba, anafungua marobota, anatakiwa awe amefika kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Siku hizi anatembea kwa kuzunguka, kwa sababu njia ya mtoni ni giza na amewahi kunyang'anywa simu. Nikamuuliza, wakijenga hiyo njia utaitumia? Akafikiri kidogo, akaniuliza kama itafunguliwa saa ngapi.